Ukifika Lamu, Usiishie Hapo

Wasikilizaji wa Isiolo mjini, Kinna, Garbatulla, Merti, Oldonyiro na popote sauti hii inapowakuta. Jioni ya leo naomba tuiache kidogo bei ya mbuzi na foleni ya maji, tuzungumze safari.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki aliwakaribisha Lamu Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ethiopia, wakazindua LAPSSET, mradi wa kuiunganisha bandari ya Lamu na nchi hizo. Tangu siku hiyo Lamu na Isiolo hazikosi kutajwa pamoja katika hotuba. Kule bandari, huku njia panda. Tumeahidiwa reli, bomba la mafuta, mji wa kitalii upande wa Kipsing, na barabara kuu ya zaidi ya kilomita 500 kutoka baharini hadi hapa kwetu. Kilichotimia na kisichotimia mnakijua. Wengine wenu mmeshakunywa vumbi lake. Lakini katika miaka yote hiyo ya semina na mabaraza ya chifu, sijasikia hata mtu mmoja akimwuliza mwenyeji wa Isiolo swali jepesi: wewe mwenyewe, ukishushwa upande wa pili wa hiyo barabara, utakwenda kutazama nini?

Mimi nina jibu langu. Nenda ukaione miji ya kale ya kisiwa cha Pate: Siyu, Pate yenyewe, Faza, na magofu ya Shanga. Lamu mjini pita, kunywa kahawa, lala usiku mmoja au miwili, kisha panda chombo uendelee.

Nawaambia hivi watu wa Isiolo kwa sababu sisi ni mabingwa wa kupitwa. Wazee mnakumbuka lami ilipokuwa ikiishia hapa mjini. Magari ya watalii wa Samburu, Buffalo Springs na Shaba yalisimama kwenye kizuizi cha polisi, vijana wetu wakayazunguka na bangili za shaba na visu vya ala za ngozi, mkono ukatoka dirishani, shilingi ikabaki Isiolo. Lami ilipoendelea kaskazini hadi Moyale, gari likawa halina sababu ya kusimama. Siku hizi mtalii anatuona kwa kioo, anafika Archer's Post, anapiga picha za twiga, anarudi Nairobi akisema ameiona kaskazini ya Kenya. Basi ndivyo wageni wengi wanavyoifanyia Pate. Wanashukia uwanja wa ndege wa Manda, wanavushwa Lamu au Shela, wanakaa wiki nzima wakila kamba, na kisiwa kikubwa chenye historia kuliko vyote katika funguvisiwa hilo hawakikanyagi. Sisi tunaojua uchungu wa kupitwa hatuna udhuru wa kumpita mwenzetu.

Siidharau Lamu. Mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ulistahili. Ngome yake, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kumalizika yapata 1821, ingali imesimama pale uwanjani, na chini ya miti yake wazee bado wanacheza bao na kumalizana habari za dunia. Vichochoro ni vyembamba, punda ndio wenye barabara, na mtu wa Isiolo hatashangaa sana kwa punda. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh, hukusanya maelfu ya watu kila mwaka wakati wa Maulidi, na kuna Waislamu wa hapa kwetu ambao wamefika huko kwa ajili ya hayo tu.

Shela nayo, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kutoka Lamu ukifuata ufuo, ni pazuri mno. Msikiti wa Ijumaa wa Shela ni wa mwaka 1829, na mnara wake mweupe uliochongoka unaonekana kutoka mbali baharini. Kwenye mchanga huo wa Shela, yapata 1812, watu wa Lamu waliwapiga watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walioshuka na majahazi yao, na kwa kuogopa kisasi wakaenda kuomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Pwani nzima ikageuka njia kwa vita hiyo moja. Lakini Shela ya leo, niseme ukweli, nyumba zake nyingi nzuri zimenunuliwa na watu wa mbali, na bei ya usiku mmoja katika baadhi yake inamnunua ndama. Ingia, swali, tembea ufuoni, toka.

Ukiwa bado upande huo, omba chombo kikuvushe kisiwa cha Manda uone magofu ya Takwa. Mji huu ulistawi karne za 16 na 17, kisha ukahamwa, na inasemekana wenyeji wake walivuka maji wakaenda kuianzisha Shela. Ndiyo sababu watu wa Shela bado huenda Takwa kuomba mvua penye kaburi la nguzo, ambalo maandishi yake ni ya miaka ya 1680. Sisi tunaoomba mvua kila mwaka tungekuwa na la kuzungumza na watu hao.

Sasa tuondoke Lamu.

Safari ya kwenda Pate hupangwa na bahari. Msikilizaji ambaye hajaiona bahari ajue kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kila siku kwa karibu dakika hamsini. Kati ya kisiwa cha Manda na bara kuna mlango mwembamba unaoitwa Mkanda, umezungukwa na mikoko kila upande. Maji yakijaa, mtaboti unapita. Yakipwa, ni tope, na nahodha atalazimika kuzunguka Manda kwa nje kwenye mawimbi ya bahari kuu. Kwa hiyo chombo cha abiria huenda kikaondoka saa moja asubuhi leo na karibu adhuhuri wiki ijayo. Mwulize nahodha usiku wa kuamkia safari, na akikwambia saa, ifuate, kwa kuwa hangoji mtu, kama dereva wa miraa wa Maua asivyongoja abiria. Mtaboti unajaa magunia ya unga, mitungi ya gesi, kuku, akina mama wanaorudi kutoka hospitali, wanafunzi wanaorudi nyumbani. Baada ya saa mbili hivi unafika gati la Mtangawanda, na pale bodaboda zinakungoja. Ndiyo, zimefika hadi Pate.

Mji wa Siyu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapo.

Uko ndani, mwisho wa hori la mikoko, na maji yakipwa mashua hulala ubavu kwenye tope. Penye ukingo wa hori hilo imesimama ngome. Pwani yetu ina ngome nyingi: Fort Jesus ya Mombasa ni ya Wareno, ya Lamu ilimalizwa kwa msaada wa Waomani. Ya Siyu ni ya wenyeji wenyewe. Waliijenga karne ya 19, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuuzuia utawala wa Zanzibar usiwafikie. Kiongozi wao alikuwa Bwana Mataka, sheikh wa ukoo wa Wafamau. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said, mtawala ambaye mkono wake ulikuwa umefika kila bandari toka Mogadishu hadi Kilwa, alituma majeshi dhidi ya Siyu. Yalishindwa. Amiri jeshi wake, Hamad bin Ahmad, aliuawa katika vita hivyo, na kaburi lake liko Faza, kijiji jirani. Siyu ilikuja kuanguka mwaka 1863, zama za Sultani Majid, wakati Bwana Mataka alikuwa amekwisha kufariki. Kijiji ambacho leo mtu wa Nairobi hawezi kukionyesha kwenye ramani kiliwasumbua watawala wa Zanzibar karibu miaka ishirini.

Na haikuwa vita peke yake. Siyu ilikuwa karakana ya pwani ya kaskazini. Watu wake walichonga milango na viti, walifua fedha, walitengeneza makubadhi na mikanda ya ngozi, na ngozi zenyewe zilitoka bara, kwa wafugaji. Tafakari hapo kidogo, wewe mfugaji unayenisikiliza. Kabla ya LAPSSET, kabla ya Mwingereza, ng'ombe wa bara na fundi wa pwani walikuwa wakifanya biashara, na pembe za ndovu zikishuka, na nguo zikipanda. Barabara hii mpya inarudia mambo ya zamani kwa katapila.

Kazi kubwa zaidi ya Siyu ilikuwa vitabu. Wanazuoni na waandishi wake walinakili misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, wakipamba kurasa kwa nakshi zao wenyewe. Misahafu ya Siyu iliyobaki imesambaa: mingine iko katika makumbusho ya ng'ambo, na wasomi wanaandika vitabu juu yake. Kijiji cha watu waliokaa mkekani, taa ya mafuta pembeni, wakiandika Qur'ani nzima herufi kwa herufi kwa ajili ya kuuza na kwa ajili ya thawabu. Mimi nikiambiwa kwamba maarifa yaliletwa kwetu na meli za watu wengine, nawakumbuka waandishi wa Siyu.

Halafu kuna Mwana Kupona binti Msham. Alizaliwa Pate, akaolewa Siyu na huyo huyo Bwana Mataka, na baada ya mumewe kufariki mwaka 1856 akaishi Lamu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa nasaha ambao wanafunzi wa Kiswahili wanausoma hadi leo, na ambao wanawake wasomi wanabishana nao hadi leo, wakiuliza kama mama yule alikuwa akimfundisha binti yake utiifu au akimfundisha namna ya kuishi ndani ya utiifu bila kupotea. Alifariki mwaka 1860. Kuna wanafunzi wa kidato cha nne hapa Isiolo wanaolijua jina lake kwa ajili ya mtihani na hawajui kwamba alikuwa mke wa mtu aliyemshinda Seyyid Said. Mambo haya mawili yalikuwa nyumba moja.

Leo Siyu ni kijiji cha wakulima, wavuvi na mafundi wachache wa ngozi. Ngome imekarabatiwa. Makaburi ya kuba yamezungukwa na vichaka. Utaona nyumba za mawe zilizobaki kuta, na ndani yake zidaka vya lipu vilivyochongwa kwa ustadi, na mbuzi amelala chini yake. Nyumba za leo nyingi ni za udongo na makuti. Asiyependa kuona watu wakiishi kando ya magofu ya babu zao, akae Shela.

Mji wa Pate uko upande wa kusini magharibi ya kisiwa, karibu na Mtangawanda. Hapa walitawala Wanabahani kwa karne nyingi. Wareno walipofika, waliukuta mji huu ukisifika kwa vitambaa vya hariri. Siwa yao, yaani baragumu la kifalme, ya pembe za ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ni miongoni mwa kazi za sanaa kubwa kabisa zilizowahi kutengenezwa katika pwani hii. Iliingia katika hazina ya makumbusho ya Lamu. Hapa Pate, mwaka 1728, Mwengo bin Athumani alitunga utenzi wa Tambuka kwa amri ya sultani. Na maanguko ya Pate ndiyo yaliyomliza Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika utenzi wake wa Inkishafi: majumba yaliyojaa taa na wageni yakawa makao ya popo. Sitausoma hapa. Ukautafute mwenyewe, tena usome kabla ya kwenda.

Kwa sababu hayo ndiyo utakayoyaona. Kuta za matumbawe zimesimama bila mapaa, zimeenea eneo kubwa kuliko kijiji chenyewe, na katikati yake watu wamelima tumbaku. Majani mapana, ya kijani iliyokolea, yamejaa ukumbini mwa watu waliokuwa wakila kwenye sahani za kaure kutoka China. Nawajua watu wa makumbusho ambao hukunja uso wakiliona jambo hilo. Mimi silioni kuwa ni tusi. Udongo wa chokaa ule unamea tumbaku vizuri, na mtu hula jasho lake. Kama taifa linataka magofu ya Pate yasilimwe, lilete kwanza mshahara wa mlinzi, mwongozaji wageni, na fundi wa kuzitunza kuta. Vichochoro vya kijiji ni vyembamba hata kuliko vya Lamu; mkikutana na punda aliyebeba mzigo, mmoja wenu anarudi nyuma, na si punda.

Kutoka Siyu, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kuelekea kusini, kuna Shanga. Uchukue kijana wa Siyu akuongoze, umlipe. Hapa hapana mtu anayeishi. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe akakuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, hadi kufikia alama za nguzo za kijumba kidogo cha miti cha karne ya 8. Ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa iliyopatikana kusini mwa jangwa la Sahara. Watu walikuwa wakisali Shanga katika karne ile ile ya pili ya Hijra, na kila kizazi kikijenga juu ya palepale kwa vifaa bora zaidi, udongo, kisha matumbawe. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Zimebaki kuta, mamia ya makaburi, na mibuyu.

Huko ndiko kwenye simulizi ya Wachina. Wazee wa Siyu na Pate husimulia kwamba jahazi la China lilizama karibu, mabaharia wakaogelea hadi ufuoni, wakaoa na kusilimu. Mwaka 2005 msichana mmoja wa visiwa hivi alipelekwa China kusoma kwa sababu ya simulizi hiyo, na magazeti ya dunia yakaandika. Simulizi ni simulizi, na siasa za China barani Afrika zimeishabikia kupita kiasi. Ila mwaka 2013, pale Manda, watafiti Chapurukha Kusimba, ambaye ni Mkenya, na Sloan Williams walipata sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424, ambaye ndiye aliyezituma merikebu za amiri Zheng He. Sarafu haithibitishi harusi. Inathibitisha biashara, na kwangu biashara inatosha.

Faza nitapita haraka. Wareno waliuchoma mji huu mwaka 1587, wakawaua watu na kuikata minazi, kwa sababu ulimuunga mkono Mturuki Mir Ali Bey. Ulijengwa upya. Katika zama zetu umeungua tena, moto wa 2009 ukaziacha mamia ya familia bila paa, na ukajengwa upya tena. Kwa hiyo usitarajie mapambo mengi ya kale. Utaona kaburi la Amiri Hamad nililolitaja, magofu ya msikiti wa Kunjanja, na mji mchangamfu wenye shule, hospitali na masoko, ambako pengine utapata chumba cha kulala kwa urahisi kuliko Siyu. Mbele yake ni Kizingitini, kwa wavuvi wa kamba. Watu wa huku ni Wabajuni, na wale wa Isiolo wenye asili ya Kisomali huenda wakakuta koo na majina wanayoyafahamu.

Msafiri wa barabarani asisahau Witu, upande wa bara, kabla ya kufika Mokowe, mahali pa kuvukia Lamu. Ahmed, aliyeitwa Simba, wa ukoo huo huo wa Wanabahani, alihama kisiwani akaanzisha dola yake msituni, na watumwa waliotoroka wakapata hifadhi kwake. Mwaka 1885 Wajerumani waliiweka chini ya ulinzi wao. Mwaka 1890 wakaikabidhi kwa Waingereza katika mapatano ambayo yaliwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland kule Ulaya, na Oktoba mwaka huo huo Waingereza wakauteketeza mji. Leo basi linasimama Witu dakika chache tu, abiria wananunua maembe na korosho. Nunua, lakini uangalie pembeni.

Nafahamu swali lililo midomoni mwenu: na usalama je? Sitawadanganya. Mwaka 2011 watalii walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na utalii ukaanguka. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu wengi wakauawa. Misitu ya Boni na eneo la Kiunga si mahali pa kutalii bila kuuliza. Sisi wa kaskazini tunajua namna ya kusafiri katika nchi ya namna hiyo: unauliza polisi na madereva, unasafiri mchana, unamjulisha mtu wa nyumbani. Barabara ya Garsen hadi Lamu ina lami. Ya kutoka hapa kupitia Garbatulla, Modogashe, Garissa na Hola inakatika Tana ikifurika, kwa hiyo wakati wa mvua kubwa wengi huzunguka kwa Nairobi na Mombasa. Ni ndefu, ni ya kuchosha, lakini inafika.

Wakati mzuri ni wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bahari inapokuwa tulivu. Juni na Julai kusi huvuma, na mtu ambaye hajazoea maji atajuta kuzaliwa. Beba fedha taslimu na noti ndogo. Beba nyirinyiri, kwa nini usibebe, ni chakula cha safari na ni zawadi ambayo mwenyeji wako hajawahi kuionja. Naye atakupa mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Hoteli Pate ni chache mno, kwa hiyo ulizia mapema Lamu nyumba inayopokea wageni, na ulipe hata kama mwenyeji anakataa kwa heshima. Vaa kama unavyovaa ukienda msikitini au kanisani hapa kwetu. Usimpige mwanamke picha bila idhini yake. Ukiuziwa kipande cha mlango wa kale au kigae cha kaure kilichookotwa Shanga, kiache. Kuna sheria, na kuna aibu.

Na kuna sababu ya kwenda sasa. Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu. Ili meli kubwa ziingie, bahari ilichimbwa, na wavuvi wa Pate, Faza na Kizingitini wakasema maeneo yao ya kuvulia yameharibika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilikubaliana nao, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Walisubiri sana. Watu hao ndio wenzetu katika mradi huu, maana vigingi vilivyopigwa kwenye malisho yetu na nondo zilizozamishwa kwenye bahari yao ni vya ramani moja. Na bado hatujakaa nao hata mara moja tukanywa chai. Viongozi hukutana hotelini. Sisi twende wenyewe.

Kwa asiyeweza kufika Lamu mwaka huu, pwani ina miji mingine midogo. Gedi, karibu na Watamu, imeingia orodha ya UNESCO mwaka 2024, na unaweza kuitembea asubuhi moja. Takaungu, kule Kilifi, ni ya Mazrui waliokimbia Mombasa mwaka 1837. Wasini, kusini kabisa, ina bustani ya matumbawe inayosimamiwa na akina mama wa kisiwa. Yote mazuri. Hakuna iliyo sawa na Siyu.

Namalizia kwa walimu wakuu, kwa kuwa najua mnanisikiliza mkisahihisha madaftari. Kila mwaka mnakusanya pesa za wazazi, mnajaza basi, mnawapeleka watoto Nairobi kutazama simba kwenye ua, ilhali simba wa kweli wako Shaba, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Likizo ya Novemba na Desemba inaangukia kaskazi. Andikeni barua kwa ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa pale Lamu, muombe mwongozaji wa Siyu na Shanga, mkubaliane na shule moja ya Pate iwapokee wanafunzi wenu, na mwaka unaofuata nyinyi muwapokee wa kwao hapa Isiolo. Anzeni kuwauliza wazazi muhula huu, kwa sababu nauli ya kwenda hadi Mokowe si ya kuchangwa kwa wiki moja.